Daktari, mguu wa mwanangu umekataa dawa zote

BARUA

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijijini wilaya ya Bahi, mkoa wa Dodoma. Tunalima uwele na mtama, na mume wangu ana mbuzi na ng'ombe wachache. Shida yangu ni mtoto wangu wa pili, wa kiume, sasa ana miaka 11.

Mwaka juzi wakati wa kiangazi alirudi kutoka machungani akichechemea. Alisema ameteleza korongoni akagonga mguu chini ya goti. Hakukuwa na kidonda, wala mchubuko wa maana. Usiku wa pili homa ikapanda, mguu ukawa wa moto, akawa hataki hata shuka liuguse. Bibi yake akasema kateguka, akaitwa mzee mmoja anayechua. Alichuliwa siku tatu, akilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Siku ya sita tukampeleka hospitali. Akapigwa picha, tukaambiwa mfupa hauna tatizo, haujavunjika. Tukapewa dawa ya maumivu na amoksilini ya siku tano. Homa ikashuka, nikamshukuru Mungu.

Baada ya wiki tatu hivi uvimbe ukapasuka wenyewe, ukatoka usaha karibu kikombe kizima. Tangu hapo, Daktari, hapajapona. Kuna tundu dogo kwenye muundi. Linaziba mwezi mmoja, linafunguka tena. Likiziba homa inapanda, likifunguka anapata nafuu. Nimenunua dawa duka la dawa mpaka muuzaji ananijua kwa jina: amoksilini, rangi mbili, siprofloksasini, flajili, sindano za seftriaksoni siku tatu, mara nyingine tano, kutegemea hela niliyonayo. Akipata nafuu, zinazobaki naziweka, nampa tena usaha ukianza. Kapsuli nyingine nimekuwa nazifungua na kumnyunyizia unga wake kwenye tundu, kwa sababu nilimwona mama yangu akifanya hivyo tukiwa wadogo.

Mwezi wa nne mwaka huu kilitoka kipande cha mfupa. Nilikuwa namsafisha, nikaona kitu cheupe, nikadhani ni uzi wa bandeji, nikavuta, kikaja. Urefu wake ni kama ukucha wa kidole gumba, kimechongoka upande mmoja, chepesi kama ganda la yai. Nimekiweka kwenye kichupa.

Nikampeleka hospitali nyingine. Wakachukua usaha pale kwenye tundu kwa kijiti chenye pamba, wakauotesha. Karatasi ya majibu inasema kidudu kinaitwa sudomonasi. Dawa saba zimeandikwa R: amoksilini, ampisilini, seftriaksoni, kotrimoksazoli, tetrasaiklini, siprofloksasini na jentamaisini. Mbili zina S, amikasini na meropenemu. Nikaambiwa R maana yake dawa hiyo haifanyi kazi. Meropenemu nimeulizia bei, nikatafuta pa kukaa.

Daktari wa pale alisema mtoto apelekwe kwa bingwa wa mifupa afanyiwe upasuaji. Mume wangu na ndugu zake wamekataa. Wanasema wakishaanza kukata hawaishii hapo, mwisho mguu unaondolewa. Wifi yangu anasema hili ni donda ndugu na donda ndugu halitaki kisu. Wengine wanasema mtoto amekuwa sugu, hakuna dawa itakayomkubali maisha yake yote.

Nauliza, niuze ng'ombe nikanunue hiyo meropenemu? Ni kweli mwili wa mwanangu umekuwa sugu? Na tafadhali niambie ukweli usinifiche: ni mimi niliyemharibia mtoto kwa dawa za dukani?

Mama wa Bahi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mpe pole mjukuu wangu. Nimefanya kazi wodi za mifupa miaka mingi kabla sijastaafu, na barua yako imeeleza ugonjwa wa mtoto vizuri kuliko mafaili mengi niliyopokea kule.

Nianze na la ng'ombe. Usimuuze kwa ajili ya meropenemu. Mkimuuza, auzwe kwa ajili ya kumfikisha mtoto kwa bingwa wa mifupa. Sindano ile hata ungeinunua katoni nzima isingeuponya mguu peke yake, na sababu unayo wewe mwenyewe ndani ya kichupa.

Kile kipande ni mfupa uliokufa. Watu wengi hudhani mfupa ni kama mti mkavu uliowekwa ndani ya nyama, kumbe mfupa unaishi, una mishipa ya damu na unajijenga kila siku. Kilichompata mwanao nadhani ni hiki: bakteria waliingia kwenye damu, pengine kupitia kijipu au mkwaruzo wa mwiba ambao hakuna aliyeutilia maanani, wakatua chini ya goti. Kwa mtoto anayekua, ncha za mifupa mirefu zina vimishipa vidogo vilivyojipinda, na damu hupita pale polepole, kama maji ya korongo yakifika tambarare. Akigonga mguu, damu huvilia ndani, bakteria wakapata pa kukaa. Usaha ukajaa. Kwa kuwa ndani ya mfupa hauna pa kwenda, ukasukuma mpaka ukabandua ule utando mwembamba unaofunika mfupa. Utando huo unaujua: mkichinja mbuzi mnaukwangua kwa kisu kwenye paja. Damu ya sehemu ya nje ya mfupa hupitia hapo, na ile ya ndani imeshabanwa na usaha. Utando ukibanduka, mfupa ulio chini yake unakosa damu, unakufa.

Sasa fikiria dawa inakwendaje. Mtoto anameza kidonge, au anachomwa sindano, dawa inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoisambaza. Pasipofika damu, dawa haifiki. Kwenye kile kipande kilichokufa hakuna damu hata tone, na ndiko bakteria walikohamia. Wakifika hapo hutoa ute unaoganda, wakajifunika tabaka juu ya tabaka. Ndani ya ute huo wengi hulala, hawali wala hawazaliani. Antibaiotiki nyingi humuua kidudu anapojigawa na kujijenga, aliyelala zinampita. Kuna hata wanaojificha ndani ya seli za mfupa ambazo bado ni hai. Kwa hiyo ukimpa dawa homa inashuka kweli, usaha unakauka kweli, kwa sababu umewaua waliokuwa wanatembea nje. Wiki chache baadaye waliolala wanaamka. Tundu likiwa limeziba usaha unajaa ndani, homa inapanda, panapasuka, mtoto anapata nafuu. Ndicho ulichoniandikia.

Nimesimama pembeni ya meza ya upasuaji wakati vipande hivi vinatolewa. Kimoja sijakisahau. Kilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, cheupe kama chokaa, kingo zake zimeliwaliwa kama ubao uliopitiwa na mchwa. Daktari alipokiweka kwenye bakuli la chuma kililia kikavu, kama jiwe. Kisha akaanza kukwangua ukuta wa shimo kilimotoka, taratibu, anasafisha kwa maji ya chumvi, anakwangua tena, mpaka vitone vidogo vya damu vikaanza kuchomoza kwenye mfupa, kimoja hapa, kingine pale. Hapo akaacha. Vile vitone vilimwambia kwamba amefika kwenye mfupa ulio hai, ambako damu inafika na dawa itafika.

Huo ndio upasuaji ambao mume wako anauogopa. Sizidharau hofu zake, kwa sababu watu wameona ndugu zao wakirudi bila mguu. Lakini wengi wa hao walikuwa watu wazima wenye kisukari ambao mishipa ya damu ya mguu ilikuwa imeshaharibika, au waliofika hospitali sumu imeshaenea mwilini. Kwa mtoto wa miaka 11 ambaye damu ya mguu inapita vizuri, kukata mguu kwa sababu ya usaha wa mfupa ni jambo la nadra sana. Tena miili ya watoto ina kipaji cha ajabu: ule utando uliobanduka, ukiwa bado hai, hujenga mfupa mpya kuuzunguka uliokufa, kama ala inavyozunguka kisu. Bingwa atatazama picha aone kama ala hiyo imekomaa vya kutosha kubeba uzito wa mtoto. Akisema msubiri miezi kadhaa kwanza, msidhani amewakwepa. Ukitoa mfupa mfu mapema mno unaweza kuacha pengo na mguu ukavunjika. Kwa miaka miwili hii, mara nyingi ala inakuwa imeshajengeka, lakini jibu liko kwenye picha, halipo kwangu.

Wifi yako amesema donda ndugu halitaki kisu. Ninachojua ni kwamba tundu lenye mfupa mfu chini yake haliponi mpaka mfupa ule utoke. Wakati mwingine hutoka wenyewe, kama ulivyouvuta ukidhani ni uzi. Mara nyingi kilichobaki ni kikubwa kuliko tundu. Na tundu la namna hii likiachwa litoe usaha miaka 20 au 30, ngozi ya kingo zake inaweza kugeuka saratani. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwa wazee waliokaa na donda tangu utotoni.

Twende kwenye karatasi ya R na S, maana hapa ndipo ulipotishwa zaidi.

Usaha ukifika maabara hupakwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria kilichoganda kama uji uliopoa, kikawekwa kwenye joto la mwili. Kesho yake vinaonekana vidoadoa: hao ni bakteria waliozaliana. Huchukuliwa wachache, wakatandazwa kwenye kisahani kingine, na juu yake huwekwa viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Siku inayofuata, dawa inayoua huwa imeacha duara tupu kuizunguka, na mtaalamu hulipima kwa rula, kwa milimita. Likiwa pana vya kutosha anaandika S. Bakteria wakiota mpaka kwenye karatasi, anaandika R. Ni kipimo kizuri sana, na laiti kingefanyika kila wilaya. Ila kina sharti moja: kinakwambia habari za kidudu uliyempeleka, na za huyo tu.

Mwanao alichukuliwa usaha kwenye mdomo wa tundu. Mdomo huo umekuwa wazi miaka miwili, unagusana na vumbi, na maji ya ndoo, na nzi. Sudomonasi ni kidudu kinachopenda unyevu, hukaa kwenye maji na kwenye vidonda vya muda mrefu, na mara nyingi hujikaribisha pale mlangoni wakati aliyemo ndani ya nyumba ni mwingine. Ukiniuliza nani yumo ndani, mtu wa kwanza ninayemshuku ni stafilokokasi. Huyu ndiye anayeongoza kuingia kwenye mifupa ya watoto, duniani kote. Kwa watu wazima wengi wenye afya, karibu 3 kati ya 10, anaishi puani bila kuwadhuru. Sisemi sudomonasi hayumo. Kwa mifupa iliyovunjika ikatokeza nje, kama ya vijana wetu wa bodaboda, na kwa miguu ya wenye kisukari, huwa yumo, na wenzake klebsiela na e-koli. Ninachosema ni kwamba karatasi hii haitoshi kumhukumu. Vipande vya mfupa wenyewe, vitatu mpaka vitano, vichukuliwe sehemu tofauti wakati wa upasuaji, vioteshwe. Jibu hilo ndilo la kununulia dawa.

Na zile R saba, tano kati yake zisikuumize kichwa. Sudomonasi hakuwahi kuuawa na amoksilini, wala ampisilini, seftriaksoni, kotrimoksazoli au tetrasaiklini. Ameumbwa hivyo, alikuwa hivyo kabla bibi yangu hajazaliwa. R zenye habari ni mbili, siprofloksasini na jentamaisini, maana hizo kwa kawaida humweza. Ningetamani karatasi hizi ziwe zinaeleza tofauti hiyo, kwa sababu mama akiona R saba mfululizo anadhani mtoto wake ameshahukumiwa.

Sasa swali la usugu. Mwili wa mwanao haujawa sugu. Sugu anakuwa kidudu. Mtoto yuleyule, akiingiwa na bakteria ambaye dawa inamweza, dawa ileile itafanya kazi. Na waliokuwa sugu hubadilika kwa njia zinazojulikana: wengine hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijawagusa, wengine wana pampu za kuitema nje, wengine hubadilisha lile kufuli ambalo dawa ilikuwa inaingia kama ufunguo. Kibaya zaidi, bakteria mmoja anaweza kumgawia mwenzake ujuzi huo, hata asiye wa kabila lake.

Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Mwaka 1945, akipokea tuzo ya Nobel, alionya kwamba mtu akitumia dawa kidogo kidogo, isiyotosha kuua, atawafundisha vidudu kuizoea. Leo stafilokokasi wengi wanaikata penisilini na amoksilini kwa kimeng'enya, ndiyo maana kwa mfupa wa mtoto madaktari huanza na dawa kama kloksasilini, ambayo kimeng'enya hicho hakiiwezi. Na mwaka 1961 huko Uingereza waliripotiwa stafilokokasi walioishinda hata methisilini, ndugu yake kloksasilini. Hao sasa wako kila bara, na kwetu wapo. Kwa mwaka 2019 peke yake, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa vilikadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani. Serikali yetu ilitoa mpango kazi wa kupambana na usugu huu kwa miaka 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028.

Umeniomba ukweli. Ukweli ni kwamba zile dozi za siku tatu, tano, na zile zilizobaki ukaziweka, zimesaidia bakteria wa mguu ule kuwa wagumu zaidi. Nisingekuwa mwaminifu kwako nikisema vinginevyo. Lakini donda hukulianzisha wewe. Mtoto mwenye homa kali na mguu usioguswa alihitaji kulazwa, kuchomwa sindano kwenye mshipa, na pengine kutobolewa usaha utoke, siku ileile. Picha ya kwanza haikusema uongo, ila iliulizwa mapema: mabadiliko ya mfupa mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei mpaka zipite siku 10 hadi 14. Mlipoambiwa mfupa hauna tatizo ilipasa muongezewe neno moja: rudini wiki ijayo. Na kapsuli ya siku tano haikuwa dawa ya ugonjwa huo. Wewe ulifanya kilichofanywa na mama yako, ukalipa kwa hela ya mtama, na mtoto yuko hai. Unga wa kapsuli usimwekee tena. Haufiki kwenye mfupa, na unawazoesha dawa walioko mlangoni.

Zile zilizobaki usimpe, wala usimgawie jirani, zipeleke hospitali siku mtakayokwenda. Kama hana homa na mguu haujavimba, daktari anaweza kuamua mtoto akae kama wiki mbili bila antibaiotiki yoyote kabla ya upasuaji, ili walioko ndani wapate kuota maabara. Uamuzi huo ni wa daktari atakayemwona. Lakini ukiona homa imepanda, mguu umevimba ghafla, anashindwa kukanyaga au analegea, usisubiri tarehe, mpeleke siku hiyohiyo.

Baada ya upasuaji, tegemea dawa za wiki 4 hadi 6 hivi, na zifike mwisho. Usishtuke ukiona wameanza na sindano halafu wakahamia vidonge. Najua kwetu sindano inaheshimiwa kuliko kidonge. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu wazima zaidi ya 1,000 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, na walioendelea kwa vidonge vilivyochaguliwa vizuri hawakufanya vibaya kuliko wa sindano. Kuna vidonge vinavyoingia kwenye mfupa vizuri sana. La muhimu ni kidonge kichaguliwe kwa jibu la maabara. Seftriaksoni na siprofloksasini, ambazo tunauziana kama karanga, Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa usugu wake unaenea haraka.

Waombe pia wampime selimundu kama hajawahi kupimwa. Watoto wenye selimundu hupata usaha wa mfupa kwa urahisi, na kwao mara nyingi anayehusika ni salmonela, ambaye dawa yake ni nyingine. Na kwa kuwa donda hili ni la muda mrefu, daktari akitaka kuangalia kifua kikuu cha mfupa usikasirike. Hicho huenda taratibu, huvamia uti wa mgongo hasa, na dawa zake hutolewa bure. Maziwa mchemshe. Ninyi wafugaji mna hatari nyingine, brusela, yule anayetupisha mimba za ng'ombe, ambaye kwa binadamu hukaa kwenye viungo na mgongo. Na ile chupa ya oksitetrasaiklini ya mifugo isiguse kidonda cha mtu, na ng'ombe akichomwa, maziwa yake yasinywewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Kwa sasa asiende machungani. Mfupa wenye shimo huvunjika kwa kuruka korongo dogo tu, kwa hiyo atembee kwa magongo. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kifunikwe kwa gozi safi, nawe unawe kabla na baada. Kama hakumbuki chanjo ya pepopunda, aipate. Dagaa, maharage, mayai yakipatikana, na mlenda wake aupendao, vyote vinajenga.

Mnaosoma na mna watoto wadogo: mtoto akiwa na homa na ghafla hataki kutumia mguu au mkono mmoja, msimchue. Kuchua hakumsaidii, kunamtesa na kunawachelewesha. Nendeni hospitali siku hiyo, hata kama picha ya kwanza ni safi, na mkirudishwa nyumbani mtoto bado anaungua, rudini.

Mama, Dodoma mjini mabingwa wa mifupa wapo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Omba barua ya rufaa kwa yule daktari aliyekushauri, alikushauri vizuri. Gharama zikiwazidi, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla hujakata tamaa. Kazi yao ni hiyo. Na usiende peke yako. Nenda na mume wako, umwombe daktari aiweke picha kwenye mwanga, amwonyeshe kwa kidole mfupa mfu uko wapi na mfupa mpya uko wapi. Baba akiuona kwa macho yake, atawaeleza ndugu zake mwenyewe.

Beba picha ile ya mwaka juzi, karatasi ya R na S, na maboksi matupu ya dawa zote kama bado yapo. Kichupa kibebe pia. Hakitaoteshwa tena, lakini bingwa akikishika atajua kilichotoka, na atatafuta kwenye picha kilichobaki. Mwende kabla ya mvua za mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu jembe likishaingia shambani safari hii itasogezwa mpaka mavuno.